Unataka Kulaza Pikapu? Skia Kwanza Vile Breki za Nyuma Hudanganywa

Wacha nikisie. Umekaa TikTok usiku, ikakuletea zile Isuzu D-Max za Thailand. Zimelala chini hadi unashangaa kama zina tairi. Rangi inang'aa, rimu zimejaa, moshi ya dizeli inatoka kama jiko la kuni. Halafu ikakuletea Nissan 1400 za Afrika Kusini, zile pikapu ndogo waliacha kutengeneza 2008 lakini mayut wa huko wanazilaza mpaka leo. Asubuhi ukaangalia ile Hilux ya budako imesimama kwa geti pale Runyenjes, mgongo juu kama mbuzi amepanda kilima, ukasema zii, hii lazima ishuke.

Hiyo hamu naielewa, na sitakuambia uache. Gari ni luku kama vile viatu ni luku, na watu wa nganya walitufundisha hivyo kitambo. Lakini kuna kitu moja chini ya pikapu yako ambayo mafundi wengi hawakuambii, na kwa barabara yetu ya Embu kwenda Meru hiyo kitu ndiyo inaamua kama utafika. Ni kijiti cha chuma, saizi ya penseli nene hivi, kiko karibu na ekseli ya nyuma. Nitakifikia. Kwanza tuelewane kwa nini hiyo pikapu iko juu.

Hilux ya kawaida imeundwa kubeba karibu tani moja. Nyuma inatumia springi za majani, yaani zile pleti za chuma zimepangwa moja juu ya nyingine, ndefu juu, fupi chini, zimefungwa katikati na yu-bolti. Ikiwa tupu, nyuma lazima ikae juu kidogo, juu kiwanda kilijua utaweka mzigo na itashuka. Kwa hivyo ule mgongo si ushamba. Ni nafasi imewekwa makusudi ya kukulia mzigo.

Sasa ongeza Meru hapo. Miraa ikikatwa huko Igembe saa inaanza kuhesabu, juu ile nguvu yake inaisha ndani ya siku mbili hivi. Kutoka Maua mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 250, na mzigo wa ndege haungojei mtu. Ndiyo maana madere wa miraa wana jina wanalo, na ndiyo maana pikapu zao zinaongezwa pleti nyuma. Magunia yanapangwa hadi juu ya kebini, yanafungwa kamba, na dere hataki springi ikalale kabisa akipiga shimo na hiyo spidi. Mafundi wa springi wanamwongezea pleti mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Gari ikiwa na mzigo inakaa sawa. Ikiwa tupu inasimama kama mtu amefinywa makalio.

Hizo pikapu hazizeekei kwa miraa. Soko ya Uingereza ilifungwa 2014, Somalia ikafunga 2020 na kufungua tena Julai 2022, na kila soko ikiyumba kuna mtu anauza gari. Kwa hivyo ukinunua Hilux ya mkono wa tatu kati ya Maua na Embu, kuna uwezekano mzuri kwamba imewahi kufanya hiyo kazi, ama ilibeba muguka kutoka Mbeere. Kabla utoe hata bob kwa fundi wa kulaza, ingia chini na tochi uhesabu pleti. Zile za kiwanda zinafanana, rangi moja, zimevaana vizuri. Zile za kuongezwa unaziona tu: upana tofauti, kutu tofauti, ncha zimekatwa na grainda. Ukitoa hizo peke yake, ukarudisha ile hesabu ya kiwanda, gari inashuka yenyewe na haujaharibu chochote. Wasee wengi wanaotaka kulaza pikapu kumbe walikuwa wanataka tu kuirudisha vile Toyota waliitoa.

Lakini najua hiyo haitoshi kwako. Basi tuingie chini.

Kile kijiti

Skiza hii pole pole, hata kama fiziksi ulihepa.

Ukikanyaga breki, uzito wa gari unaenda mbele. Umeona vile mdomo unainama. Kwa pikapu tupu hii ni noma zaidi, juu nyuma haikuwa na uzito tangu mwanzo: injini iko mbele, kebini iko mbele, nyuma ni bati tu na hewa. Ukipeleka nguvu nyingi ya breki kwa tairi za nyuma wakati ziko nyepesi hivyo, zinafunga. Zinaacha kuzunguka, zinaanza kuteleza. Na tairi inayoteleza haina habari na mwelekeo. Mkia wa gari unaanza kutafuta njia yake, na kawaida njia yake ni kupita mdomo. Hapo ndipo unasikia watu wakisema gari iligeuka ikaangalia ilikotoka.

Sasa pikapu iyo hiyo ikiwa na tani moja nyuma, mambo ni kinyume. Tairi za nyuma zimekandamizwa chini vizuri, zinaweza kushika breki kali bila kufunga, na unazihitaji zifanye hiyo kazi, la sivyo breki za mbele zinabaki kusimamisha gari na mzigo wote peke yake.

Kwa hivyo kiwanda kilikuwa na shida: breki za nyuma zinataka nguvu kidogo gari ikiwa tupu, na nguvu nyingi ikiwa na mzigo. Gari itajuaje iko na mzigo? Haina macho. Jibu lao kwa Hilux nyingi za zamani, na pikapu nyingine za aina hiyo ambazo hazina ABS, ni valvu imefungwa kwa chasi, na kijiti kinachotoka kwa hiyo valvu kwenda kwa ekseli. Mzigo ukiingia, chasi inashuka ikikaribia ekseli, kijiti kinasukuma mkono wa valvu, valvu inafungua, breki za nyuma zinapata presha zaidi. Mzigo ukitoka, chasi inapanda, kijiti kinarudi, presha inapunguzwa. Simpo, na imeokoa watu wengi ambao hawajui iko.

Umeshaona shida iko wapi?

Hiyo valvu haipimi mzigo. Inapima umbali kati ya chasi na ekseli. Ukilaza pikapu nyuma inchi tatu, umekaribisha chasi kwa ekseli milele. Valvu inaona hivyo, inasema sawa, huyu amebeba. Kila siku. Hata ukiwa peke yako na soda kwa kikombe. Unapewa breki za mzigo wa tani moja na nyuma haina kitu, imekaa nyepesi kama karatasi. Siku ya jua, barabara kavu, hautagundua. Siku ya mvua, mteremko, kona, ng'ombe ametokea, utagundua na hutapenda.

Na wale walioongeza pleti, wasijione wajanja. Wao wanadanganya valvu upande ule mwingine. Springi ni ngumu, kwa hivyo hata magunia yakijaa hadi juu, chasi haishuki vile kiwanda kilitarajia. Valvu inasema hii gari iko tupu, na inanyima nyuma presha. Kazi yote inaenda kwa breki za mbele. Kwa tambarare ya Mwea utaona iko fiti. Kwa mteremko mrefu, padi za mbele zinapata moto, zinaanza kunuka, na mguu unakanyaga lakini gari haipungui vile ilikuwa inapungua juu ya kilima. Halafu watu wanasema breki zilikataa. Hazikukataa, zilichoka. Ziliachiwa kazi ya wawili.

Kuna mafundi wanajua hii kitu na dawa yao ni kufunga kile kijiti na waya kwa chasi, ama kukitoa kabisa watupe kwa ndoo ya vyuma. Ukiingia chini ya pikapu yako ukute waya hapo, ujue mtu aliamua kwa niaba yako breki za nyuma zikae hivyo siku zote, tupu ama mzigo.

Hii barabara si ya Thailand

Nataka ufikirie mahali unaendesha. Kutoka Embu ukielekea Meru unapita Runyenjes, Chuka, Nkubu. Kwa ramani inaonekana kama mstari. Kwa ukweli ni mito inashuka kutoka Mlima Kenya mmoja baada ya mwingine, Thuci, Nithi, Mutonga na wenzao, na barabara inateremka kwa kila bonde, inapinda darajani, inapanda tena. Kushuka, kona, kupanda. Wenye wanakaa huko wanajua hiyo wimbo kwa mwili.

Daraja la Nithi sihitaji kukuelezea. Julai 24, 2022, basi ilitoka barabara hapo ikaanguka bondeni na zaidi ya watu 30 wakafa. Sisemi hiyo ilikuwa springi, wala kile kijiti. Nasema tu ni aina gani ya mahali: mteremko mrefu, kona iko mwishoni, daraja iko kwa kona. Breki zako zinafika pale chini zikiwa na moto, na hapo ndipo unazihitaji kuliko mahali pengine popote. Milima ya Nyambene kwenda Maua nayo ina kona zake na mvua zake, na ile ukungu ya asubuhi.

Kwa hivyo video ya D-Max imelala kwa barabara ya Bangkok, tambarare kama meza, haikuambii chochote kuhusu gari yako ikishuka Nithi na mvua ya Aprili.

Nyuma: jua ekseli imekaa wapi

Sasa, ukiamua bado unataka, kuna njia za akili na kuna njia za kukufanya uzikwe ukiwa na luku.

Kitu ya kwanza chini ya pikapu ni kuangalia springi imekaa juu ya ekseli ama chini yake. Hii inachanganya watu sana. Kama springi iko chini ya ekseli, vile pikapu nyingi ndogo za magurudumu mawili zilivyo, unaweza kuweka tofali la chuma katikati ya springi na ekseli. Ekseli inapanda kuelekea kwa bodi, gari inashuka. Tofali ya inchi mbili, gari inashuka inchi mbili. Hiyo ndiyo njia rahisi na ya usafi, bora tofali iwe ya kutengenezwa, ya chuma mzima, na yu-bolti ziwe mpya na ndefu za kutosha. Usikubali tofali ya mbao, usikubali vipande viwili vimepangana. Nimeona.

Kama springi iko juu ya ekseli, vile Hilux nyingi za 4x4 zilivyo, ukiweka tofali hapo gari inapanda. Ndiyo, kuna msee atalipa fundi kumlazia gari na atoke imepanda. Hapo kushusha kwa maana ni kuhamisha ekseli ikae juu ya springi, na hiyo ni kazi ya kuchoma viti vipya kwa ekseli. Inashusha gari inchi tano ama zaidi kwa mara moja, na hiyo ni mingi kupita kiasi kwa barabara zetu.

Kutoa pleti za kiwanda ndiyo ya bei rahisi zaidi na ndiyo mbaya zaidi. Unatoa moja ama mbili za kati, gari inalala, unafurahi. Lakini zile pleti ndizo zilikuwa zinabeba. Ile ndefu ya juu yenye macho mawili ndiyo inashikilia ekseli isiende mbele wala nyuma, na sasa umeiachia uzito wote. Ikivunjika, ekseli inahama upande mmoja, gari inajigeuza bila ruhusa yako. Kama lazima upunguze springi, mpe mtu wa springi aikunjue kwa mashine ikae flati zaidi, na pleti zote zibaki. Bila moto. Springi ikichomwa na gesi mpaka iwe nyekundu, ule ugumu wa chuma unaisha. Inakaa kama springi kwa macho, lakini ni bati tu.

Halafu kuna hesabu ndogo ambayo watu hawafanyi. Juu ya ekseli, chini ya chasi, kuna raba ya kugongea. Pima nafasi kati ya hiyo raba na mahali inagonga, gari ikiwa tupu. Tuseme ni inchi nne. Ukishusha tatu umebakisha moja. Sasa weka mabeshte watano nyuma mnaenda ruracio Chuka. Umebakisha nini? Hakuna. Kila tuta inagonga chasi moja kwa moja, na matuta ya hii barabara hayakujengwa na mtu anayependa magari. Raba ikishagonga, springi haifanyi kazi tena, tairi inaruka, na tairi iko hewani haishiki breki.

Wazungu wa California walioanza kulaza hizi pikapu za Kijapani miaka ya 80 walimaliza hiyo shida kwa kukata chasi juu ya ekseli na kuchomea kipande cha kupinda, ili ekseli ipate pa kupanda. Kwao kuna watu wa kazi hiyo tangu wakati huo. Hapa kwetu, kukata chasi ya gari inayobeba mzigo na kuichomea kando ya barabara, mimi nakataa. Chasi ndiyo gari. Hizo zingine zote zimefungwa tu hapo na bolti.

Mbele: grainda iwekwe chini

Mbele inategemea mwaka. D-Max za kwanza, kabla mtindo mpya wa 2011 na 2012, na Hilux nyingi za zamani za magurudumu mawili hazina springi ya kuzunguka mbele. Zina baa ndefu ya chuma inayojisokota, na kuna bolti ya kuiongeza ama kuipunguza. Hapo una bahati. Fundi analegeza bolti, mbele inashuka, haujanunua kitu. Lakini hiyo bolti si ya kufungua tu ukitabasamu. Ukishusha mbele, tairi zinabadilisha pembe, zinaanza kukula upande wa ndani, na usukani unaweza kuvuta. Kwa hivyo kutoka kwa fundi unaenda alainimenti siku hiyo hiyo. Ukiona amekuambia haihitajiki, ni juu hana mashine.

Hilux ya Vigo kwenda juu, na D-Max mpya, zina springi za kuzunguka. Hapo ndipo grainda hutokea. "Tukate mzunguko moja tu, boss." Zii. Springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi, juu mizunguko inayofanya kazi imepungua, na haikai vizuri kwa kikombe chake. Tairi ikining'inia kwa shimo kubwa, springi inaweza kulegea na kuhama kiti. Kuna springi fupi za kununua, zimetengenezewa hiyo gari na shoki zake. Zina bei, si uongo. Lakini kama huna za springi, huna za kulaza. Ngoja mwezi ukatike.

Na kama ni 4x4, kumbuka kuna driveshafti hapo mbele zimekaa kwa pembe fulani. Ukibadilisha pembe sana, jointi zake zinachakaa haraka. Nyuma pia propela shafti inaweza kuanza kutetemesha gari ukifika spidi fulani. Ukisikia mtetemo ambao haukuwepo jana, usiongeze volyumu ya redio.

Makarao, NTSA na watu wa bima

Pikapu kwa Kenya ni gari ya biashara, kwa hivyo inaenda inspekshen ya NTSA kila mwaka. Pale inapandishwa kwa mashine ya breki, tairi zikazungushwa, na mashine inaonyesha nyuma inashika aje ukilinganisha na mbele. Ile valvu iliyofungwa na waya inaweza kukuanika hapo. Chasi iliyokatwa na kuchomewa, usingojee wakupigie makofi.

Lakini mimi ningeogopa bima zaidi. Ukichukua bima unajaza fomu ya kusema gari yako ni gani. Ukiibadilisha bila kuwaambia, na siku moja ugonge mtu, umewapa sababu ya kuangalia ile fomu mara mbili. Kampuni ya bima haihitaji sababu nyingi. Piga simu uwaambie, hata kama wataongeza kidogo.

Kuna pia kitu kidogo cha taa. Ukilaza nyuma bila kulaza mbele, mdomo unaangalia juu, na taa zako zinaangalia mbingu. Kila dere anayekuja kutoka Chuka usiku anakulaani. Taa zina skrubu ya kurekebisha, ni kazi ya dakika kumi ukiwa mbele ya ukuta. Ifanye.

Kama ingekuwa yangu

Mimi si fundi. Nilifika chuo mihula mitatu nikatoka, lakini nilikaa vya kutosha kwa gereji kujua maswali ya kuuliza, na nikipewa Hilux ya zamani leo na nataka ishuke, ningeenda hivi. Natoa pleti za kuongezwa kwanza, naendesha wiki mbili, naona kama bado nina njaa. Kama bado, nashusha inchi mbili nyuma, si zaidi, na kidogo mbele ili ikae sawa. Shoki nabadilisha na fupi, juu zile za kiwanda zikishikwa zimekunjwa zinakufa haraka. Rimu na tairi nzuri zitakufanyia luku kuliko inchi ya tatu, na hilo hakuna mtu wa TikTok atakuambia. Na najua nimeuza uwezo wa kubeba. Pikapu imelala si ya kwenda shambani Laare wakati wa mvua, matope hayajali sauti ya muziki wako. Kama ni ya kazi, iache ya kazi. Tena kama ni ya budako, uliza budako.

Halafu kile kijiti. Hapa ndipo utamjua fundi. Mwambie, "Fundi, ukimaliza kushusha, utarekebisha aje ile valvu ya mzigo ya breki za nyuma?" Akikuangalia kama umeongea Kichina, ama akisema hiyo tunafunga tu, mpe asante ya soda uhepe. Akikuambia atasogeza bano ya valvu ama atabadilisha urefu wa kijiti ili mkono ukae pale ulikuwa gari ikiwa tupu kabla ya kushushwa, huyo ndiye. Njia yake ni rahisi: kabla ya kufungua bolti yoyote, gari ikiwa tupu na iko flati, anaweka alama ya chaki mahali mkono wa valvu umefika. Kazi ikiisha, mkono urudi kwa hiyo chaki. Wewe piga picha na simu kabla na baada. Na wenye mmeongeza pleti mnisikie pia, chaki yenu ni ile ile. Ila kijiti kikisharekebishwa, bado ile springi ngumu itafanya mkono usonge kidogo kuliko inavyofaa mzigo ukiingia, kwa hivyo pleti zikizidi sana hakuna chaki itakusaidia.

Usiijaribu barabarani kwanza. Tafuta mahali pana, pasipo watu, pawe na mvua kidogo kama unaweza. Tupu, spidi ya chini, kanyaga breki kwa nguvu, mtu mwingine akiangalia kutoka kando. Anachoangalia ni kimoja: tairi gani zinafunga kwanza. Zikifunga za mbele, gari inaendelea moja kwa moja, sawa, hivyo ndivyo kiwanda kilitaka. Zikifunga za nyuma kwanza, rudi kwa fundi kabla haujarudi nyumbani.

Na baada ya siku chache za kuendesha, ingia chini tena na spana ukaze zile yu-bolti. Tofali mpya hukaa chini kidogo ikishapigwa na mashimo, bolti zinalegea, na ekseli ya kulegea inaanza kwa kasauti kadogo, tik, tik, ukigeuza kona.